KUOMBA LIFTI NA KUTEMBEA KWA MIGUU KATIKA INCHI ZA KASKAZINI, WAKATI MAJANI YANAANGUKA



Sisi wakapita wa darasa la sita tumeombwa kuandika somo moja katika barua hii ya masomo yetu. Wengine walifikiri tutaandika tena juu ya usafi wa internati ao juu ya kuchelewa kengele. Hapana. Mara hii tutaenda mbali, mpaka kaskazini kabisa ya Ulaya, kwenye baridi. Msicheke mbele ya kufika mwisho wa somo.

Hili neno lilianza hivi. Siku moja mwalimu wa jiografia alitundika karte ya Ulaya ukutani, akauliza: «Mtu ana chakula katika mfuko, ana hema, ana nguvu ya miguu, na barabara haiko mbali. Namna gani anaweza kufa?» Darasa lilinyamaza. Mmoja akajibu: «Simba.» Tukacheka wote. Mwalimu hakucheka. Akasema: «Anakufa juu ya saa, juu ya maji, na juu ya kutosema anaenda wapi.» Mambo hayo matatu njo somo letu la leo.

I. MAHALI NA MAJIRA

Chukueni karte. Juu kabisa ya Ulaya kuna inchi tatu zenye kupakana: Norwei, Uswidi na Finlandi. Majina ya zile mbili za kwanza si mageni kwetu, kwa kuwa wamisionari toka kule walifika Kivu ya Kusini tangu miaka ya 1920. Sehemu ya juu ya inchi hizo imepita Duara la Aktiki, ni kusema karibu digri 66 na nusu kaskazini ya ikweta. Wenyeji wa zamani wa kule ni Wasami. Kati yao kuna wenye kufuga rendia, nyama mwenye pembe, anayezoea theluji sawa vile mbuzi wetu anazoea mlima.

Sisi tunajua mvua na kiangazi. Wao wana majira manne. Tunayoyasema leo ni mwisho wa majira ya majani kuanguka, mwezi wa 10 na wa 11. Ni wakati wa katikati. Watalii wa kiangazi wamekwisha kurudi kwao. Theluji imeanza, lakini haijakuwa ngumu ya kutelezea. Ziwa limeanza kuganda, lakini halijabeba mtu, na mashua nayo haipiti vizuri. Kwa kifupi, ni wakati usiofaa mguu wala mashua.

Mtaniuliza: basi watu wanatafuta nini kule? Wengine wanaenda kwa furaha: kimya kikubwa, mbu wamekwisha, na usiku mianga ya rangi ya kijani inacheza mbinguni. Vijana wenye feza kidogo wanasimama kando ya barabara, wananyoosha kidole gumba, wanaomba lifti mpaka mwanzo wa njia ya miguu. Lakini si wote wanaenda kwa furaha. Mwaka 2015, pale Storskog, kwenye mpaka wa Urusi na Norwei, watu zaidi ya 5,000 wenye kuomba ukimbizi walivuka, wengi katika mwezi wa 10 na wa 11. Walipita kwa baiskeli, juu upande wa Urusi haukuruhusu kuvuka kwa miguu. Kati yao mlikuwa na watoto. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni michezo ya matajiri tu.

II. JAMBO LA KWANZA: SAA

Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na linaingia karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Tumezoea vile hata hatulifikiri. Mtu anatoka nyumbani bila kuuliza jua linabaki na masaa mangapi.

Kule haiko vile. Dunia imeinama digri 23 na nusu juu ya mhimili wake, na upande wa kaskazini unageuka polepole mbali na jua. Pale Kiruna, mji wa kaskazini ya Uswidi, tarehe 1 ya mwezi wa 11 jua linatoka karibu saa mbili ya asubuhi na linaingia karibu saa tisa ya mchana. Ni masaa 7 tu. Mwezi mmoja nyuma yake yanabaki masaa mawili na kitu. Kisha katikati ya mwezi wa 12 jua halitoki hata kidogo kwa siku nyingi.

Mwezi wa 10 kila siku inapoteza karibu dakika 8. Fanyeni hesabu: dakika 8 mara siku 7 ni dakika 56. Mtu mwenye kutoka kwa matembezi ya juma moja anamaliza safari na saa moja pungufu ya mwanga aliyoanza nao. Hakuna aliyemwibia. Yeye njo hakuhesabu.

Sasa tuweke hesabu ile katika njia. Kule Uswidi kuna njia ya miguu yenye kujulikana sana, inaitwa Kungsleden, maana yake Njia ya Mfalme. Inatoka Abisko inaenda mpaka Hemavan, zaidi ya kilometa 400. Kuna nyumba za kulala, na kutoka moja kufika nyingine mara nyingi ni kilometa 12 mpaka 20 na kitu. Katika kiangazi, mtu mwenye mzigo mgongoni anafanya kilometa 3 kwa saa: kilometa 20 zinamaliza karibu masaa 7. Katika theluji mpya yenye kufunika mawe anafanya kilometa 2 kwa saa: masaa 10. Mwanga iko masaa 7. Masaa 3 yenye kubaki atayatembea wapi? Ndani ya giza, katika mlima, alama za njia zimefunikwa, upepo unamkata uso. Wenye akili wanakata safari katika vipande vifupi, ao hawatoki kabisa.

III. KUOMBA LIFTI

Kuomba lifti wengi wetu tunakujua. Kwetu ni kupunga mkono wote, kisha kusema bei na shofere. Kule ni kidole gumba, na desturi ni kuchukuliwa bure. Lakini kanuni zake zinapatana na zetu kuliko mnavyofikiri.

Kanuni ya kwanza: simama penye shofere anakuona toka mbali na penye anaweza kusimama bila hatari. Si kwenye kona, si kwenye mteremko. Barafu nyembamba juu ya lami inafanya motokari iteleze sawa sabuni. Shofere mwenye moyo mwema anaweza kupiga breki juu yako na kuanguka katika mtaro.

Kanuni ya pili: onekana. Katika giza, mtu mwenye jakete nyeusi haonekani paka motokari iko juu yake. Sheria ya Finlandi inaagiza wenye kutembea barabarani gizani kuvaa kirudisha-mwanga, kipande kidogo cha plastiki chenye kuning'inia kwenye nguo. Taa ya motokari ikikipiga, kinang'aa sawa jicho la paka. Hata rendia wana shida ile: mwaka 2014 wafugaji wa Finlandi walijaribu kupaka pembe zao dawa yenye kung'aa, juu kila mwaka maelfu yao wanagongwa. Ikiwa nyama mwenye pembe kubwa haonekani, je, wewe na mfuko wako?

Kanuni ya tatu, na hii muipigie mstari: usikubali kushuka katikati ya pori. Kutoka Inari kwenda Utsjoki, kule Finlandi, ni karibu kilometa 125, na nyumba njiani ni chache. Shofere anaweza kukuambia: «Mimi ninageuka pale kwenye makutano, nitakushusha hapo.» Anafikiri anakusaidia juu anakusogeza mbele. Lakini kwenye makutano hakuna nyumba, hakuna taa, na motokari nyingine itapita kesho. Afazali kushuka kijijini mbele ya makutano, hata kama ni nyuma kilometa 30. Kilometa 30 nyuma penye moto ni karibu kuliko kilometa moja mbele penye giza.

Kanuni ya ine: jua likipita katikati, usianze. Ukikosa lifti ya asubuhi, tafuta penye kulala, jaribu kesho. Haya haiuwi mtu, baridi inauwa.

IV. JAMBO LA PILI: MAJI

Maji yanauwa kwa namna tatu kule.

Namna ya kwanza ni mto. Katika kiangazi kuna madaraja. Wakati majani yanaanguka, wenye kulinda njia wanaondoaka madaraja mengine, juu barafu na mafuriko yasiyabomoe. Karte inaonyesha daraja, mtu anafika, daraja haliko. Kurudi ni kilometa 15. Kuvuka ni maji ya barafu mpaka magoti. Wengi wanachagua kuvuka, sababu kurudi kunauma moyo. Wenye kujua mlima wanasema uchaguzi ule njo unauwa.

Namna ya pili ni barafu mpya juu ya ziwa. Inaonekana sawa kioo, inavuta mtu kukata njia fupi. Uswidi wanashauri angalau sentimeta 10 za barafu ngumu mbele ya mtu kutembea juu yake. Hakuna mwenye kuona kwa macho kama ni 10 ao ni 4. Asiye na chombo cha kupimia azunguke.

Namna ya tatu ni maji madogo yenye hatuogopi: mvua yenye kuchanganyika na theluji, na jasho la mwili wako mwenyewe. Maji yanachukua joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa. Nguo ya pamba ikilowa inashikamana na ngozi na haipashi tena. Sufu, hata ikilowa, inabakisha joto kidogo. Kwa hiyo wanavaa nguo mbili tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, na wanavua moja mbele ya kupanda mlima, kusudi wasitoke jasho. Mwenye kutoka jasho mchana anatetemeka usiku.

Katika mambo ya maji kuna fumbo moja tulilolipenda sana. Katika maziwa mengine ya Kungsleden, wakati wa kiangazi, kunawekwa mashua tatu za makasia. Sheria ni moja: siku zote kila upande wa ziwa lazima ubaki na mashua angalau moja. Sasa unafika, upande wako iko moja, ngambo ziko mbili. Utafanya namna gani? Ukivuka na ile moja na kuendelea, mwenye kuja nyuma yako hatapata kitu. Basi unavuka na ile moja. Ngambo zinakuwa tatu. Unafunga moja nyuma ya yako, unarudi nazo mbili. Ngambo inabaki moja. Unaacha moja upande ulikotoka, unavuka tena na ya pili. Umevuka mara tatu. Ziwa Sitojaure lina karibu kilometa 4 kwa njia ile, kwa hiyo umepiga makasia kilometa 12 kwa ajili ya mtu usiyemjua. Na majira yakiisha, mashua zinavutwa juu ya inchi kavu, njia inakatika pale.

V. BARIDI INAFANYA NINI KATIKA MWILI

Mwili wa mtu mzima una joto la karibu digri 37. Likishuka chini ya 35, ugonjwa wa baridi umeanza. Haiko lazima theluji iwe. Mvua, upepo na njaa vinatosha.

Kwanza mtu anatetemeka. Ni mwili unajifanyia moto. Kisha vidole havifungi kifungo, miguu inajikwaa, maneno yanakuwa mazito sawa ya mlevi. Anakasirika bure ao ananyamaza. Halafu kutetemeka kunakoma. Hapo wajinga wanafurahi, wanasema: «Amepata nafuu.» Hapana! Kuni zimekwisha ndani yake. Wengine wanasikia joto la uongo, wanataka kuvua nguo, wanataka kukaa chini na kulala. Mwenye kulala pale anaweza kukosa kuamka.

Dawa yake: mtoe kwenye upepo. Vua nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike na kichwa. Akiwa anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe, juu inapeleka joto nje. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Usimwache peke yake hata dakika moja, na tafuta muganga.

VI. JAMBO LA TATU: KUSEMA UNAENDA WAPI

Katika milima ile simu ya mkononi haishiki sehemu nyingi. Namba ya kuomba msaada ni 112, lakini namba bila mtandao ni karatasi tu. Kwa hiyo wenye akili wanaacha neno: wanamwandikia mtu siku ya kutoka, njia, na siku ya kufika. Siku ile ikipita, yule mtu anajua watafutwe wapi. Asiyeacha neno, watu wanaanza kumtafuta wakati wameshtuka, na mara nyingi wanashtuka nyuma ya saa.

Finlandi kuna nyumba ndogo katika pori zenye hazifungwi ufunguo, bila malipo. Ndani mna jiko na kitabu. Mgeni anaandika jina lake, ametoka wapi na anaenda wapi. Anakata kuni kavu mbele ya kuondoka, kusudi mwenye kuja na vidole vimekufa apate kuwasha mara moja. Na kuna sheria yenye ilitushangaza: nyumba ikijaa, mwenye haki ya kwanza ni yule aliyefika mwisho. Aliyefika mbele, akiwa amekwisha kupumzika na kukauka, njo anatoka kumpa nafasi. Kwetu katika refektwari mambo ni kinyume: aliyefika mbele anajaza sahani. Lakini fikirini. Aliyefika mwisho njo ametembea zaidi katika giza. Njo amelowa zaidi.

VII. SISI HAPA

Sasa tuseme kwa nini tumeandika haya yote.

Mnakumbuka likizo iliyopita ya Noeli. Wadogo zetu watatu walitoka na kamio siku moja mbele ya wengine. Hawakuaga. Shofere aligeuka kwenye makutano, akawashusha kule juu, jua linaingia, mvua inanyesha. Wakaanza kutembea na mashati ya uniforme, ni kusema pamba. Mdogo kuliko wote, wa darasa la kwanza, alitetemeka sana, kisha akaacha. Akawaambia wenzake: «Mimi ninasikia joto, mniache nikae kidogo.» Wenzake walifurahi. Wakakaa naye kando ya njia.

Mama mmoja mzee, mwenye kutoka shamba, aliwakuta pale. Hakuuliza ni watoto wa nani. Aliwapeleka jikoni mwake, akamvua yule mdogo nguo, akamfunga katika kitenge chake kavu, akampa chai ya sukari. Mama yule hajasoma jiografia ya Uswidi, lakini alifanya kila kitu sawasawa. Mtoto ni mzima, anacheza mpira nyuma ya darasa letu.

Tuseme ukweli wote. Kuandika orodha ya wenye kutoka kwa likizo ilikuwa kazi yetu, sisi wakapita. Siku ile hatukuiandika. Tulikuwa tunafunga mizigo yetu. Nyumbani kwao walijua watatoka kesho, shuleni tulifikiri wangali katika internati. Ile usiku hakuna mtu hata mmoja duniani aliyekuwa anawatafuta. Tukifikiri neno lile, tunashindwa kula. Tumekwisha kuwaomba radhi wazazi wao, na leo tunaomba radhi mbele yenu.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, kuanzia likizo hii kutakuwa kitabu kwenye mlango wa internati, sawa vile katika nyumba za Finlandi. Kila mmoja ataandika: jina, saa ya kutoka, kamio ao miguu, njia, nani anamngojea. Hakuna kutoka nyuma ya saa sita ya mchana. Wa darasa la kwanza na la pili hawatatoka bila mkubwa. Na ninyi wakubwa, mkipanda kamio, kumbukeni mashua tatu: usivuke peke yako ukamwacha mdogo wako bila chombo.

Baridi haiulizi mtu inchi yake. Giza nalo haliulizi umetoka darasa gani.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Mwanga iko masaa 6, njia iko kilometa 14, mwendo ni kilometa 2 kwa saa. Utatoka ao utabaki? Eleza kwa hesabu.
2. Mashua mbili ziko upande wako, moja ngambo. Utavuka mara ngapi kwa kushika sheria?
3. Mwenzako aliyelowa ameacha kutetemeka na anataka kulala. Taja mambo matano utakayofanya.
4. Shofere anataka kukushusha kwenye makutano saa kumi na moja ya jioni. Utamjibu nini kwa heshima?

Majibu mtuletee sisi wakapita mbele ya juma kuisha. Tutayasoma pamoja na mwalimu.

Safari njema kwenu wote, na mfike.

Sisi wakapita wa wanafunzi,
Darasa la sita